Chembe Ishirini na Nne

Nyinyi vijana wa eksirei wa siku hizi mna bahati, na sisemi hivyo kwa wivu. Haya, kwa wivu kidogo. Mnabonyeza kitufe na picha inatokea kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajavaa shati lake. Sisi tulikuwa tunaingia na filamu chumba cha giza, tunaiogesha kwenye dawa, tunaianika kama nguo, halafu tunamwomba Mungu. Kazi hiyo niliifanya mpaka nikastaafu, katika hospitali moja ya Upper Hill ambayo jina lake naliacha, maana bado ina watu ninaowapenda sana na wengine wawili nisiowapenda. Wagonjwa waliniita Madam. Nyumbani Kawangware mimi ni Mama Nekesa, na huko hakuna anayejali niliwahi kufanya kazi gani, mradi nilipe maji.

Mjukuu wangu, ambaye naye sasa anasomea mambo haya, aliniuliza juzi ni kosa gani kubwa nililowahi kufanya. Nikamwambia akae chini. Ni hadithi ya plastiki.

Anzeni na hili: plastiki haionekani kwa eksirei. Mtoto akimeza sarafu, utaiona inang'aa tumboni mwake. Akimeza kifuniko cha kalamu, utatafuta mpaka macho yaume. Mwali unapita kwenye plastiki kana kwamba hakuna kitu. Ukitaka ionekane, lazima uichanganye na kitu kizito, na kwetu kitu hicho kilikuwa bariamu, ule unga mweupe tunaowakorogea wagonjwa kama uji wakauchukia maisha yao yote.

Sasa mtu atataka kuona vipande vya plastiki tumboni mwa mwenzake kwa nini? Kwa sababu kuna watu ambao utumbo wao mkubwa umelala. Wiki mbili zinapita hawajaenda haja kubwa, tumbo limevimba, na ukiwapima kila kitu unakikuta sawa. Basi unampa mgonjwa kapsuli yenye chembe ishirini na nne, kila moja kama punje ya mchele. Anameza. Baada ya siku tano unampiga picha, unahesabu. Zikibaki mbili tatu, utumbo wake unafanya kazi. Zikibaki zote zimetawanyika humo, utumbo umegoma, na daktari wa upasuaji anajua la kufanya. Ni kipimo rahisi ajabu: kumeza, kungoja, kuhesabu.

Chembe za dukani zilitoka ng'ambo, na ombi letu la kuzinunua lilikaa ofisini likazeeka. Kwa hiyo nilianza kukata mirija ile ya kuwalishia wagonjwa kupitia puani. Na hapo nilipata somo la kwanza. Iko mirija iliyochanganywa na bariamu mwili mzima, na iko ambayo ina mstari mmoja tu wa bariamu ubavuni. Mimi nikakata ule wa mstari, kwa furaha kabisa. Picha ilipotoka, badala ya vipete tukaona vidoa. Daktari Mumo, daktari wetu wa upasuaji, akaitazama kwa muda mrefu, akaniuliza, "Madam, umempa mgonjwa pilipili manga?"

Nilipojua mirija ipi ni ipi, wauguzi nao wakaanza kuificha. Nikiingia wodini, mirija inapotea. Siwalaumu. Walikuwa nayo michache, na mgonjwa wa kulishwa ana haki kuliko mgonjwa wa kuhesabiwa.

Jino ndilo lililoniokoa. Nilikuwa na meno mawili ya bandia hapa mbele, nikayavunja kwa mahindi ya kuchoma, nikaelekezwa kwa fundi wa meno mmoja Parklands. Tulimwita Mzee Kanti. Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yake, na humo alikuwa amechonga meno ya nusu ya Nairobi, ya matajiri na ya walioazima nauli kufika. Aliniwekea meno mapya, akanishika kidevu kama mtoto, akasema, "Mama, kula polepole. Na usimeze hii. Ukimeza, eksirei haioni."

Nikamwambia, "Mzee, eksirei ni mimi."

Tukacheka sana. Kisha nikamwuliza, kama mzaha, "Na tukiitia bariamu?"

Akaenda kuweka chai.

Hivyo ndivyo urafiki wetu ulivyoanza. Daktari Mumo akaandika barua kwa wakubwa, wakauliza maswali mengi ya maana na mengine ya kupoteza muda, mwishowe wakakubali. Jumamosi nikawa nashuka Parklands na mkebe wa bariamu kwenye kikapu. Mke wa Kanti alinipa chevda, ule mchanganyiko wa karanga na dengu za kukaanga, kwenye bakuli na kuniuliza habari za wanangu mmoja mmoja kwa jina. Mimi sikuwahi kufundishwa na mtu mpole kama yule mzee. Ukikosea, alikuwa anakuonyesha tena tangu mwanzo, bila kukumbusha kwamba alishakuonyesha mara tano.

Meno ya bandia hufinyangwa kwa unga wa akriliki, ambayo ni plastiki, na maji yake yenye harufu kali. Ukichanganya, kwanza unaonekana kama mchanga uliolowa, halafu unavutika nyuzi kama bamia, halafu unakuwa donge unaloweza kulifinyanga. Kwenye donge hapo ndipo una dakika chache za kufanya kazi. "Haraka ya nini?" Kanti alikuwa ananiambia nikianza kuushika mapema. "Plastiki iko na saa yake. Wewe ngoja." Tulitia kijiko kimoja cha bariamu kwa vitatu vya unga. Ukizidisha bariamu, chembe zinabomoka vidoleni. Ukipunguza, hazionekani. Donge tulilisukuma kupitia bomba la sindano lisilo na sindano, likatoka uzi mrefu, tukaukata kwa wembe. Kisha chembe zinachemshwa mpaka harufu yote iishe, halafu zinatiwa kwenye chupa na maji na unga wa kung'arishia meno, unatikisa mpaka ncha zote ziwe laini. Kutikisa kulikuwa kazi yangu nyumbani wakati wa taarifa ya habari. Watoto wangu wamekua wakijua kwamba habari za nchi huja na kelele ya chupa.

Mwisho kabisa lilikuwapo jaribio, na hili nalisema polepole. Kila fungu jipya lilipigwa picha kwanza. Nilikuwa napitia Dagoretti karibu na machinjioni, nanunua matumbo ya ng'ombe, natia chembe ndani, nafunga kwa uzi huku na huku, nayazamisha kwenye beseni la maji lenye kina cha tumbo la mtu, napiga. Zikionekana humo, zitaonekana kwa mgonjwa. Meza tuliifuta kwa dawa mara tatu na bado msimamizi wetu alilalamika kwamba idara inanuka kama bucha. Na kabla hamjauliza: hayakuliwa. Yalikwenda kwa mbwa wa askari wa geti, ambaye alinipenda mpaka akafa.

Basi alikuja Wambui.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, kutoka Dagoretti, amekuja na mama yake aliyeuza viazi na sukuma wiki sokoni. Mama alikuwa mtu wa kanisa, kitambaa kichwani, mkoba umebanwa kifuani. Wambui mwenyewe alikuwa mwembamba kila mahali isipokuwa tumbo. Nilipokuwa namwandika, alinong'ona ili mama asisikie.

"Madam, hii kitu iko na mimi tangu nikiwa shule. Nimeenda hospitali tatu. Kila mtu anasema niko sawa. Sasa hata mathe anaona ni uvivu, ati sitaki kubeba magunia."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi sijui tena," akasema. "Labda ni mimi tu."

Nilimpa kapsuli mbili, kwa maana chembe hazikuenea kwenye moja. Alizimeza kwa maji kidogo, nikamwambia arudi siku ya tano na asitumie dawa yoyote ya kuharisha. Alirudi asubuhi na mapema. Nikampiga picha, nikaingia chumba cha giza, nikatoka na filamu inayotiririka maji, nikaiweka kwenye kisanduku cha mwanga.

Hakukuwa na kitu. Hata chembe moja.

Nitawaambia ukweli: nilifurahi. Ilikuwa picha safi, kila kona inasomeka, na nikaona kwamba binti yuko mzima. Daktari Mumo akahesabu sifuri, akaandika kwamba utumbo unafanya kazi vizuri, na kwamba mgonjwa apelekwe kliniki ya akili, pengine mawazo ndiyo yanayomtesa. Mama yake aliposikia alimtazama bintiye, na Wambui akatazama viatu vyake. Wakaenda kupanga foleni ya faili.

Mimi nikaanza kupanga kabati. Nilikuwa na chupa mbili zinazofanana, zimejaa karibu sawa, moja ya chembe za fungu la zamani, nyingine ya fungu nililompa Wambui. Nikazishika, moja mkono huu na moja mkono huu, ili nizisogeze. Chupa mpya ilikuwa nyepesi.

Bariamu ni nzito, wanangu. Ukiishika miaka, mkono unaijua. Nikazishusha, nikazibadilisha mikono, nikazishika tena. Ilikuwa nyepesi vilevile. Hapo nikakumbuka jinsi fungu lile lilivyotengenezwa. Jumamosi ile Kanti na mkewe walikuwa wamekwenda harusi Kisumu, wakaniachia ufunguo. Nilikuwa peke yangu na nina haraka, nina kikao cha chama saa nane. Mkebe wangu wa bariamu ulikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia niliouacha pale wiki iliyotangulia. Na Kanti, ambaye nyumbani kwao walipikia mafuta yaleyale, alitia unga wake wa plasta wa kufinyangia vielelezo vya meno kwenye mikebe ileile. Unga mweupe na unga mweupe, rafu moja, na hakuna hata mmoja uliokuwa na karatasi ya jina.

Na jaribio la matumbo? Sikulifanya. Filamu zilikuwa haba wiki hiyo, kila moja inatiwa sahihi, na nikajiambia: nimeshatengeneza mafungu saba, yote mazuri, la nane litakuwa baya kwa nini. Hilo ndilo kosa. Kuchanganya mikebe kunaweza kumpata mtu yeyote. Kuacha kupima kulikuwa uamuzi wangu, na niliufanya nikiwa na akili zangu timamu.

Nilichukua filamu moja. Nikamwaga chembe za zamani upande mmoja na za Wambui upande wa pili, bila matumbo wala maji, nikapiga. Kwenye daftari la filamu, mahali pa jina la mgonjwa, niliandika jina langu. Picha ilipotoka, upande mmoja ulikuwa na chembe nyeupe kali. Upande wa pili ulikuwa na ukungu ambao ungeuona tu ukiambiwa upo. Ndani ya tumbo la mtu usingekuwapo kabisa.

Naomba msinifikirie shujaa. Nilisimama pale mlangoni nikiwa na filamu mkononi, nikawaza jinsi ya kunyamaza. Hakuna aliyejua. Chupa ningeimwaga chooni. Nilikuwa na watoto wawili sekondari, na barua ya onyo kwenye faili yako si mchezo. Kilichonitoa pale mlangoni ni yale maneno ya binti: labda ni mimi tu. Nilijua kwamba akitoka geti lile na barua ile ya kliniki ya akili, ataamini hivyo mpaka kufa.

Daktari Mumo alikuwa anakunywa chai. Nikaweka filamu mbele yake, nikamweleza. Akaitazama, akaweka kikombe chini.

"Kwa hivyo nimemwandikia msichana barua ya kliniki ya akili," akasema, "kwa sababu ya plasta?"

"Ndiyo, Daktari."

"Na ulijua lini?"

"Sasa hivi. Dakika ishirini."

Akaigeuza filamu kifudifudi mezani. Kisha akasema, "Nenda umwambie wewe mwenyewe. Sitakusemea." Nikageuka kwenda, nikasikia kiti kimesogea nyuma yangu. Alikuwa anakuja. Hakunisemea, lakini alikuja akasimama karibu nami, na kwa hilo nampenda yule mtu mkali mpaka leo.

Tuliwakuta kwenye foleni, wamebakisha watu wawili. Nikamwambia Wambui mbele ya mama yake, mbele ya foleni nzima, maana hapakuwa na mahali pengine. Nikasema chembe nilizompa zilikuwa mbovu, kwamba picha haikuonyesha kitu kwa sababu hakukuwa na cha kuonekana, si kwa sababu tumbo lake ni safi. Nikasema kosa ni langu, na kwamba sikupima kama ninavyopaswa.

Mama ndiye aliyejibu kwanza. "Asubuhi yuko sawa. Saa hii hayuko sawa. Nyinyi mnatafuta ugonjwa kwa nguvu? Twende nyumbani, Wambui. Nimeacha viazi kwa jirani."

Wambui hakuondoka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Madam, miaka yote hii naambiwa shida ni mimi," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza mtu wa hospitali ananiambia shida ni yeye." Akanyoosha mkono. "Lete zingine nimeze."

"Wambui," mama akaita.

"Nitabeba magunia wiki nzima, Mami. Siku tano tu. Wacha nimeze."

Sikumpa siku ile, maana sikuiamini tena chupa yoyote kabatini mwangu. Nilimwomba arudi baada ya siku tatu. Kesho yake nilikwenda Parklands, harusi imeisha, nikamweleza Mzee Kanti. Hakunilaumu. Alikwenda kwenye rafu, akaiteremsha mikebe yote, akakaa chini na kalamu akaandika kila mmoja kwa Kigujarati na kwa Kiswahili, na aliporudisha wa mwisho akasema kosa ni la wawili. Nilikataa. Tukabishana juu ya hilo mpaka chai ikapoa. Fungu la tisa tulilitengeneza pamoja, na matumbo niliyanunua mwenyewe, na filamu ya jaribio niliipiga mara mbili bila kujali nani atasema nini. Barua ya onyo ilikuja pia. Niliitia sahihi, ikaingia kwenye faili, na sikuwahi kuiona tena.

Wambui akameza. Siku tano zikapita, na katika maisha yangu yote ya kazi sijaona siku ndefu kama zile.

Upasuaji ulikuja baadaye, ukafanikiwa, na leo Wambui ana duka lake mwenyewe na mwili wa kutosha, anitaniapo simuwezi. Lakini siku ninayoikumbuka si ya upasuaji. Ni ile asubuhi ya picha, chumba kidogo, tukiwa wanne: Daktari Mumo, Wambui, mama yake na mimi. Niliweka filamu kwenye kisanduku, ingali mbichi, nikawasha taa.

Zilikuwamo. Nyeupe, wazi, zimetawanyika kuanzia kulia chini ya mbavu mpaka kushoto nyongani. Wambui akasogea, akaanza kuhesabu kwa kidole bila kuigusa filamu, midomo ikitembea. Alipofika mwisho akarudia tangu mwanzo.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kifuani. Akauliza, "Hizo ni ngapi?"

"Ishirini na nne, Mami."

"Na ulimeza ngapi?"

"Ishirini na nne."

Mama akaja mpaka karibu na taa. Akaitazama ile picha ya tumbo la mtoto wake kwa muda mrefu, kitambaa chake kikipata mwanga ule mweupe. Kisha akatafuta mahali pa kukaa na hakupaona, akashika ukingo wa meza.

"Na mimi nilimchapa," akasema. "Kwa magunia. Nilimchapa."

Wambui akavuta kiti cha daktari, akakisogeza taratibu nyuma ya mama yake, akamshika mabega mpaka akakaa.